Nyatiti Ndani ya Kreti ya Soda

Mtaa wa Fedha haushtuki ovyo. Ndege zinazotua JKIA hupita juu ya paa zetu watu wakinywa chai. Aliye kwenye simu hunyamaza kidogo, hungoja ipite, kisha huendelea pale pale alipoachia bila kuomba radhi. Matatu za 33 hupigiana honi kuanzia Nyayo hadi Taj, na Taj tunaitaja hivyo hivyo ingawa jumba lenyewe lilibomolewa mwaka wa 2018, likabaki jina la kushukia tu. Mtaa wa namna hii ungetarajiwa kuiona nyatiti ikipita kwa baiskeli na kuendelea na shughuli zake. Wapi! Asubuhi ile ya Jumamosi kila aliyekuwa na mdomo alikuwa na neno, na wasiokuwa na neno waliazima.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Sisi majirani kadhaa wenye baiskeli na vitambi hupenda kutoka pamoja mwisho wa wiki. Mara hii tulikuwa tunaenda Machakos, kilomita 50 na ushei, tulale huko, na kesho yake tupande Kituluni tukaone ile barabara ambayo gari likiachwa gia huru huonekana kupanda mlima lenyewe. Wenye sayansi husema ni macho tu yanayodanganywa na mteremko. Kwa mtu wa pedeli, mlima unaodanganya kwa upande huo ni rehema, hata kama ni uongo mtupu. Jioni ya kwanza tuliitenga iwe ya burudani, na kila mmoja alipewa sharti la kubeba kitu cha kuwachangamsha wenzake. Mmoja akabeba karata. Mwingine spika ya bluetooth. Mhasibu wetu, mtu asiyebeba hata maji yake mwenyewe, akatia kinanda cha mdomo kwenye mfuko wa shati.

Mimi nikabeba nyatiti.

Nyatiti hiyo nilipewa na baba yangu mdogo, mpigaji wa matanga huko Alego, Siaya. Aliponikabidhi alinikumbusha kwamba kuna binti wa Kijapani, Eriko Mukoyama, aliyetoka kwao akaja kukaa Alego hadi akaijua nyatiti, akaitwa Anyango, na sasa huipiga kwenye majukwaa makubwa. Basi mtoto wa nyumbani anayekaa Fedha, mwendo wa usiku mmoja kwa basi, ana kisingizio gani? Sikuwa nacho. Nikaketi, nikafundishwa wimbo. Wimbo mmoja, kwa sababu likizo ilikwisha. Na kwa kuwa kazi ya mwalimu wangu ni matanga, wimbo wenyewe ni wa kumlilia mzee fulani wa huko, marehemu wa miaka mingi, ambaye sikuwahi kumwona lakini ninaweza kukutajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi.

Kwa asiyeijua, nyatiti ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye bakuli inatoka mikono miwili iliyotanuka, na juu ya mikono umelala mti ulioshika nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe; siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Juu ya ngozi kuna daraja dogo la matete linaloinua nyuzi, nalo hushikizwa kwa nta ya nyuki. Hiyo nta uiweke akilini, tutaihitaji tukifika Lukenya. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa chini ubavuni mwake. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa bakuli, na mguuni hufungwa njuga ziitwazo gara. Kwa hivyo anayebeba nyatiti habebi chombo kimoja. Anabeba bendi nzima ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye punda.

Walionishauri nichukue kitu kingine hawakusema kitu hicho ni kipi. Orutu ya uzi mmoja ingelala vizuri kando ya fremu, ila upinde wake ungeingia kwenye spoki kabla hatujafika Cabanas. Kayamba la Wagiriama ni bapa, linachomekwa popote, lakini kila tuta lingelipiga bila idhini yangu. Ngoma ya isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na sidhani kuifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu ndio ulinzi waliokuwa nao akilini. Obokano ya Wakisii, dada mkubwa wa nyatiti, ingehitaji mkokoteni na mtu wa kuusukuma. Akodiani ya mwomboko ndiyo ningeiogopa zaidi: ni nzito, na ina mapafu yake. Kwa mashimo ya Embakasi ingekuwa inavuta pumzi yenyewe kila tunapobonyea na kuitoa kwa malalamiko kila tunapoibuka.

Ayub Ogada, aliyeipeleka nyatiti mbali kuliko wengi, alipokuwa Uingereza aliipigia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi huko London. Treni, jamani. Mtu mwenye akili anashuka ngazi, anakaa, anapiga, wapita njia wanatupa sarafu, anapanda treni anarudi nyumbani. Wimbo wake wa Kothbiro ulikuja kuingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka wa 2005, na hakuna popote niliposoma kwamba ulifika huko kwa pedeli. Wazungu wao wamejaribu. Mpiga sello wa Denmark, Ida Riegels, aliufuata mto Rhine kwa baiskeli akiwa na sello yake, akipiga muziki njiani. Na kuna bendi ya California, Ginger Ninjas, iliyokwenda kwa baiskeli hadi Meksiko, umeme wa spika zao wakiupata kwa kuzungusha pedeli. Haya yote nilimweleza baba mdogo kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao watu kwao hawana mabasi.

Baiskeli yangu ni Black Mamba kuukuu, chuma kitupu, yenye keria pana iliyowahi kubeba mikate kabla ya kunibebea mimi heshima. Niliipeleka kwa fundi wetu wa kona, yule anayefanyia kazi chini ya mwavuli karibu na steji, na swali lake la kwanza lilikuwa la kitaalamu.

"Buda, hii kitu italala ama itasimama?"

Tukaanza kwa kuilaza kimkingamo. Ikawa pana kuliko usukani. Makanga wa 33 iliyokuwa inangoja abiria akaitazama kwa utulivu wa mtu anayejua barabara, akasema, "Hiyo itakula saidi mira ya mtu, na utalipa." Tukailaza kwa urefu. Kisigino changu kikawa kinagonga bakuli kila pedeli ikizunguka. Fundi akatega sikio, akafuata mdundo kwa kichwa, akauliza, "Kwani si hivyo ndiyo hupigwa?" Nikaivaa mgongoni. Ule mti wa juu ukawa unanigonga helmeti kisogoni, na mama mboga, ambaye huniita kastoma hata nikikaa mwezi mzima bila kununua kitu, akaacha kukata sukuma.

"Kastoma," akasema, "unakaa mtu ametoroka na msalaba wa kanisa."

Ni yeye aliyeleta ufumbuzi. Alivuta kreti ya soda kutoka chini ya meza, akamwaga chupa tupu, akanipa. Kreti ikafungwa kwenye keria, nyatiti ikasimamishwa ndani, bakuli chini, mikono juu, nyuzi zikitazama mgongo wangu. Kamba tulizotumia ni vipande vya tyubu vilivyokatwa kwa wembe, na nasema hivi kwa yeyote anayeuziwa mikanda ya bei ghali kwenye maduka ya baiskeli: hakuna kitu kinachoishinda tyubu. Huvutika, huuma, na kwenye matuta huzidi kukaza. Fundi alimaliza kwa fundo ambalo hajawahi kumfundisha mtu. Mama mboga naye akafungua kitabu chake cha madeni, akaandika mbele ya jina langu: kreti moja, muziki.

Tatizo likaanzia getini. Soja wetu ni mtu wa magharibi, na nyatiti anaijua. Alipoiona ikija, akavua kofia.

"Mkubwa, pole sana. Mnazika wapi?"

Nikamweleza kwamba hakuna msiba, tunaenda Machakos kutembea. Akatikisa kichwa kwa huruma. Watu wengi hawapendi kutangaza. Akaingia kibandani, akatoka na noti ya shilingi 100 iliyokunjwa mara nne, akanishika mkono kwa mikono miwili. Wewe ungefanyaje? Kumrudishia mtu mchango wake mbele ya watu ni kumwambia kwamba mia yake haina uzito. Nikasema asante. Mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa anapita na unga, akaona soja ametoa, naye akatoa. Kijana wa M-Pesa akatoa. Kabla sijafika barabarani mhasibu alikuwa amefungua ukurasa kwenye simu yake na anaandika majina, kwa sababu, alivyosema, pesa ya umma ni pesa ya umma hata kama marehemu hajulikani.

Njuga nilikuwa nimezitia ndani ya kreti, na hapo ndipo watoto walipotokea. Wauza aiskrimu wa mitaa yetu hutembea kwa baiskeli wakipiga kengele, na gara za Alego kwenye matuta ya Embakasi hazina tofauti kubwa na kengele hiyo. Walitoka kwenye ploti, walitoka nyuma ya maduka, mmoja alitoka na sabuni bado kichwani. "Ya mbao! Nipee ya mbao!" Niliwaambia sina aiskrimu, wakaamini kwamba naibania. Muuza aiskrimu wa kweli alikuwa amesimama kona akiitazama biashara yake inavyonikimbilia.

"Bosi," akaniambia kwa uchungu, "hii side ni yangu."

Nikazifunga njuga kwa soksi. Katika pilikapilika hizo, karibu na Taj, kwenye tuta ambalo kila mtu wa Fedha analijua kwa matusi yake binafsi, oduong'o iliruka ikaingia mtaroni. Nilitazama chini, nikaona rangi ya yale maji, nikaamua kwamba pete ni kitu cha dunia hii.

Kutoka Cabanas tukaingia Mombasa Road. Kando yetu ilipita Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na ambayo baiskeli, pikipiki na tuktuk haziruhusiwi kuikanyaga. Hiyo angalau imetukataza kwa bango. Barabara yetu hukukataza kwa vitendo. Malori yalinipita kwa karibu, madereva wakipunguza mwendo kutazama, na nikagundua faida moja ya nyatiti ambayo haijaandikwa popote: mtu asiyekuonea huruma wewe hukionea huruma chombo. Matatu moja ilinipisha kabisa. Makanga akatoa nusu ya mwili dirishani, akapiga saluti.

Mlolongo tulisimama kunywa soda karibu na mizani ya malori. Pale malori ya kutoka Mombasa hukaa foleni, na watu wa foleni hutafuta cha kuangalia.

"Wee, hiyo ipandishe mizani kwanza!"

"Ina ekseli ngapi?"

"Tupigie moja, mzae, tumekaa hapa tangu asubuhi."

Siwezi kumnyima mtu wa foleni. Nikaitoa nyatiti, nikageuza kreti juu chini, nikakaa. Kigoda kimepatikana bila kubebwa. Lakini jua lilikuwa limeikaza ngozi, na kila uzi ulikuwa umepanda kwa kiasi chake. Kulinganisha nyuzi nane si kazi ya dakika moja. Unanyonga kifundo cha juu, unadonoa uzi, unasikiliza, unanyonga tena, unarudi kwa wa kwanza ambao sasa umelegea kwa hasira. Niliinama nikafanya hivyo kwa makini yote niliyo nayo. Nilipoinua kichwa, turnboy na wenzake walikuwa wanapiga makofi. Mmoja alikuwa anarekodi.

Ndipo nikapiga wimbo wenyewe. Nikaimba beti za mwanzo, zile za kuuliza mlango wa mzee umefungwa na nani. Makofi yakapungua. Dereva mmoja akamwaga chai iliyobaki kikombeni.

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu," akasema turnboy. "Hii ni ya nini, ya kuzika?"

"Sisi bado tuna safari mpaka Malaba," dereva akaongeza, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Tafadhali, ndugu yangu, funga hiyo kitu." Kisha akanyoosha noti ya 50, labda ya kununua kimya. Mhasibu akaandika.

Yule wa karata, ambaye hupenda kutusomesha historia tukiwa na kiu, alitumia nafasi hiyo kutukumbusha kwamba Waingereza waliweka makao ya utawala Machakos kabla ya kuhamia Nairobi mwaka wa 1899, na kwamba reli iliupita mji huo kando. Mimi niliyebeba kreti nilitazama milima iliyokuwa mbele nikaona reli haikuwa na makosa.

Baada ya Athi River, ukishaiacha njia ya Namanga, nyumba zinapungua na upepo wa nyika unakujia usoni bila kupitia kwa mtu. Hapo nyatiti iliamua kupiga yenyewe. Nyuzi nane zilizosimama nyuma ya mgongo zilianza kuvuma, taratibu kwanza. Nilidhani ni lori, nikajibana kando ya lami, lori halikuja. Kwenye mteremko sauti ikapanda, ikawa nzito na ya wengi, ikanifuata kisogoni. Wa spika, aliyekuwa nyuma yangu, akaisikia upepo ulipogeuka. Huku ni Ukambani, nchi ya mizinga, na mtu wa huku hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Nyuki!"

Baiskeli zililala kwa mfululizo. Mhasibu aliingia mtaroni na simu yenye hesabu ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa, kinanda cha mdomo kikiwa bado shatini, na wa karata akajifunika koti akaanza kumtaja Mungu kwa Kikamba, lugha ambayo hatukujua anaijua. Nilisimama peke yangu barabarani nikiwaambia ni upepo. Nikazishika nyuzi kwa kiganja: kimya. Nikaachia: mvumo. Nikashika tena. Waliponyanyuka mmoja mmoja wakipangusa vumbi, walinitazama kwa macho ambayo hayakuwa ya ujirani.

Na hapo ndipo nyuki wa kweli walipofika. Nta ya daraja ilikuwa imelainika kwa jua la saa sita, na harufu yake ilikuwa tamu hata kwangu. Wa kwanza alitua ukingoni mwa ngozi, akatembea polepole, akasimama mbele ya daraja na kuligusa kwa vipembe vyake. Akapanda tete la kwanza. Akachimba kidogo kwa taya, akanawa uso kwa miguu ya mbele, akachimba tena. Wa pili akaja kuthibitisha habari. Walipokuwa wanne watano nilisogea hatua kumi nyuma, na tete moja likaanza kuinama kwa upole, nyuzi mbili zikalegea. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Nyuki wa Lukenya hafukuzwi na mtu wa Fedha. Tukakaa chini ya mgunga kungoja wamalize. Mhasibu akatoa kinanda chake cha mdomo na kupiga nyimbo za kanisa, moja baada ya nyingine, bila kulinganisha uzi wowote. Sijawahi kumchukia mtu kwa utulivu wa namna ile.

Kabla ya Kyumbi spoki za nyuma zikaanza kukatika. Tap. Kidogo. Tap. Gurudumu likaanza kucheza kushoto na kulia, likisugua breki, na ikabidi nisukume. Tulikuwa tumeishiwa maji na biskuti tulipoisikia ngoma ya spika kubwa kwenye boma moja lenye mahema, magari yameegeshwa hadi barabarani. Tukiwa tunapita getini, muziki ukakatika ghafla. Stima imepotea. Sauti ya jenereta ikajaribu mara kadhaa, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Wazee wakatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi.

Ilikuwa siku ya ntheo, mbuzi wa posa wa upande wa kijana wameshafika, watu wameshiba nusu, na DJ hana kazi. Wenzangu waliniuza papo hapo. Mhasibu alifanya mazungumzo kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuagiza chai: muziki wangu kwa muthokoi na nyama ya watu wote. Nikapelekwa mbele. Mama mmoja mzee, mwenye leso mbili na fimbo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo.

"Keti hapa, mwanangu. Unajua wimbo wa bibi harusi?"

"Najua wimbo mmoja tu, mwaitu."

"Ni wa nini?"

Nikafikiria haraka. "Ni wa mzee mmoja, mwaitu. Unasifu ng'ombe wake."

"Ng'ombe ni sawa," akasema. "Leo tunaongea mifugo."

Klipu ya paipu ya maji ilifunguliwa kutoka kwenye tangi, ikaingia kidole gumba cha mguu wangu vizuri kuliko oduong'o yenyewe. Soksi ikatoka kwenye njuga. Daraja nililishikiza kwa nta iliyobaki, ile ambayo nyuki waliona haiwafai. Nikapiga. Na sijui ni njaa, au klipu ile, au ni kwamba kilio kikichezwa mbele ya nyama hukataa kuwa kilio, lakini kina mama waliinuka. Mwaitu akapokonya jerikeni tupu la lita 20 akalipa mdundo ambao baba mdogo angeulipia. Mhasibu akachomoa kinanda chake. Hata akina baba wakaanza kutikisa mabega.

Ndipo jirani mmoja, aliyewahi kufanya kazi Kisumu, akajitolea kutafsiri. "Sasa anahesabu ng'ombe," akatangaza. "Mwekundu. Mweupe mwenye baka. Huyu ana pembe zilizopinda."

Upande wa binti ukapiga vigelegele. "Hesabu tena!" Nikahesabu tena, ndio wimbo ulivyo. Upande wa kijana, uliokuja na mbuzi, ukaacha kucheza. Mjomba wao akainuka, akamwendea mzee wa boma akamnong'oneza, na nikasikia neno kuhusu makubaliano na neno jingine kuhusu mimi. Nilitamani kusimama, lakini mwaitu alikuwa ananikazia macho kila nikilegeza mkono, na ng'ombe wakaendelea kuja, ndama na mitamba, mpaka mjomba wa kijana akakaa chini na kuanza kupiga simu.

Katikati ya hayo mtu mmoja aliingia kutoka barabarani. Alikuwa dereva wa pikapu, amebeba vitunguu kutoka Emali, akapita akasikia nyuzi, akaegesha. Alisimama karibu na hema, kofia mkononi, akasikiliza ubeti mzima mdomo wazi. Nilipomaliza alinijia, akanisalimu kwa Kijaluo, akaniuliza ni nani amenifundisha. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Huyo mzee unayemlilia," akasema, "ni mjomba wa mke wangu. Na ng'ombe wake hawakuwa wengi hivyo."

Habari hiyo ilipotafsiriwa, upande wa kijana ndio uliopiga vigelegele. Mjomba akakata simu. Mwaitu akaamuru nyama iletwe kabla mtu mwingine hajatokea na takwimu.

Wenzangu walikuwa na haraka ya kufika Machakos kabla ya giza. Gurudumu langu halikuwa na mpango huo tena. Dereva alikuwa anaelekea Nairobi, na akasema anaweza kunishusha Cabanas. Mhasibu, ambaye hesabu isiyofungwa humkosesha usingizi, akamwita kando, akamsomea orodha kuanzia mia ya soja hadi hamsini ya Mlolongo, akampa pesa zote kama rambirambi za watu wa Fedha. Yule bwana akazihesabu. Akauliza msiba ni wa lini. Nikamwambia ni ule ule wa mjomba wa mke wake. Akatazama mbinguni kidogo, akapiga hesabu ya miaka, akazitia mfukoni.

"Nitamfikishia mama watoto," akasema. "Atafurahi kwamba hamkusahau."

Baiskeli ikapandishwa juu ya magunia, kreti ikafuata. Mbele, kando yake, kulikuwa na kiti kimoja. Nikafungua mlango, nikainua mguu. Dereva akanisimamisha kwa mkono, akaichukua nyatiti kwangu, akaiketisha kwenye kiti kile, akaifunga mkanda, akaukaza mara mbili.

"Hii ni ya nyumbani, ikae mbele," akasema, akinionyesha vitunguu. "Wewe umeshazoea upepo."